Hoja za Kuzima Faharasa, na Majibu Yake

Mwishoni mwa 1961, miezi minne tu baada ya kuanza kujengwa Ukuta wa Berlin, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa toleo la mwisho la faharasa yake ya machapisho ya Ulaya Mashariki. Kwa miaka kumi faharasa hiyo ilikuwa ikiwaambia wasomaji ni vitabu na majarida gani yameingia katika maktaba za Marekani kutoka Poland, Hungary, Bulgaria, Romania, Albania na majirani zao. Ilikufa kwa kukosa fungu. Mwaka 1969 ikafuata faharasa ya machapisho ya Kirusi, iliyokuwa ikitoka kila mwezi tangu 1948 na kutafsiri vichwa vya makala za majarida ya Kisovieti.

Hayo si mambo ya kale yaliyokwisha. Mwaka 2011 Bunge la Marekani lilipunguza fedha za masomo ya kimataifa kutoka dola milioni 125.9 hadi milioni 75.7. Mpango mmoja uliofutika kabisa katika upunguzaji huo ni ule uliozisaidia maktaba na vyuo vikuu kukusanya, kuorodhesha na kusambaza kwa njia za kisasa taarifa zinazochapishwa nje ya Marekani. Tarehe 31 Desemba 2013 ikazimwa kanzidata ya tafsiri za magazeti na matangazo ya nchi za nje ambayo umma ulikuwa ukiitumia. Septemba 2025 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ikaviarifu vituo vya masomo ya Afrika, Asia, Mashariki ya Kati na kwingineko kwamba fedha za ruzuku zilizobaki hazitakuja, kwa maelezo kwamba haziendani na vipaumbele vya serikali. Ruzuku hizohizo ndizo zilizowalipia wanafunzi wengi wa Kimarekani kusoma Kiswahili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu, ukikaa Washington, sisi ndio nchi za nje. Machapisho ya kigeni yanayozungumziwa ni riwaya zetu, ripoti za wizara zetu, majarida ya vyuo vyetu na magazeti ya vyama vyetu. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, mojawapo ya ofisi zake sita za ng'ambo. Nyingine ziko Cairo, Islamabad, Jakarta, New Delhi na Rio de Janeiro. Kuanzia 1968 ofisi ya Nairobi ilitoa orodha ya machapisho ya Afrika Mashariki, iliyokusanya Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia, Somalia, Malawi, Zambia na visiwa vya Bahari ya Hindi. Baadaye ikaongeza faharasa ya makala zilizomo ndani ya majarida ya Kiafrika, majarida yapatayo 300. Faharasa hiyo ya makala imekaa zaidi ya muongo mmoja bila kuingizwa rekodi mpya.

Kila fungu la namna hii linapokatwa, hutolewa hoja za kuonyesha kwamba hakuna kilichopotea. Nimezisikia zikisemwa na wanasiasa, na cha kusikitisha zaidi, nimezisikia zikisemwa na wasomi wetu wenyewe. Zinastahili kujibiwa moja moja.

"Kila kitu siku hizi kiko mtandaoni." Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Jaribu kutafuta mtandaoni ripoti ya mwaka ya chama cha ushirika cha Nyanza ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, au kitabu kidogo cha malezi kilichopigwa chapa Ndanda au Tabora na wamisionari, au kijarida cha wanafunzi kilichotolewa kwa mashine ya kudurufu. Vingi vya namna hiyo vimebaki kwenye karatasi tu, katika rafu chache sana duniani, na baadhi ya rafu hizo haziko kwetu. Anayesema kila kitu kiko mtandaoni anasema kwamba kila alichowahi kukitafuta yeye kiko mtandaoni. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Na kilichoko mtandaoni hakikai. Magazeti yetu hubadilisha tovuti, na makala za miaka mitano iliyopita hazifunguki tena. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania ziliwataka wenye blogu walipie leseni, na ada zake kwa jumla zilipita shilingi milioni 2. Wengi waliokuwa wakiandika habari za wilaya zao kwa Kiswahili walifunga. Hata jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisimama kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Kitu kilichoorodheshwa na kuhifadhiwa nakala yake kinaweza kuvumilia msukosuko kama huo, lakini kilichoachwa kijitunze chenyewe kwenye seva ya mtu binafsi huondoka siku mwenyewe anaposhindwa kulipa.

Lakini jibu kubwa zaidi ni kwamba injini ya kutafutia na faharasa hazifanyi kazi moja. Injini hutafuta hasa maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa. Faharasa hukuambia ukurasa unahusu nini. Mkutubi anapopokea jarida hulifungua, akaipitia kila makala mpaka ajue inahusu nini, kisha akaipa vichwa vya mada. Makala inaweza kutaja jina la kijiji kimoja cha Kilosa na majina ya wazee wake, isiseme popote neno mgogoro, wala ardhi, wala wafugaji. Mkutubi anayejua Kilosa ataiweka chini ya migogoro ya ardhi, na mtafiti atakayekuja miaka thelathini baadaye ataikuta. Mkutubi huyohuyo ndiye anayehakikisha kwamba jina la mwandishi linaandikwa kwa namna moja kila mara, ili kazi za Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile, zisitawanyike kati ya Ebrahim, Ibrahim na E. N. Hussein kana kwamba ni watu watatu. Kazi hii hufanywa na mtu anayeijua lugha, anayeijua nchi, na mwenye subira. Katika ofisi ya Nairobi imefanywa kwa miongo kadhaa na Waafrika Mashariki wenzetu, na majina yao hayaonekani popote katika vitabu vilivyoandikwa kwa msaada wao.

"Watumiaji ni wachache mno kuhalalisha gharama." Idadi ya waliofungua faharasa haisemi chochote juu ya idadi ya waliofaidika nayo. Mtu mmoja akiipata makala moja anaweza kuandika kitabu kitakachosomwa mashuleni kwa kizazi kizima, au akabadilisha mwongozo wa matibabu.

Aprili 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Liberia, aliandika pamoja na wenzake wawili katika gazeti la New York Times kuhusu makala iliyochapishwa mwaka 1982 katika jarida la Institut Pasteur la Ufaransa. Watafiti wa Kijerumani walikuwa wamepima damu za watu nchini Liberia, wakakuta dalili za kinga dhidi ya Ebola, na wakaeleza waziwazi kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye virusi hivyo. Wakuu wa afya wa Liberia hawakuwa na habari hiyo ugonjwa ulipolipuka mwaka 2014. Makala hiyo haikuwa imepotea duniani. Ilikosekana mikononi mwa walioihitaji. Nakubali kwamba faharasa peke yake isingetosha, kwa sababu Dahn na wenzake walieleza pia kwamba kuipakua makala hiyo kungegharimu dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki wa daktari wa Liberia. Bei nayo ni ukuta. Lakini huwezi hata kuanza kulalamikia bei ya kitu ambacho hujui kama kipo. Zaidi ya watu 4,800 walikufa kwa Ebola nchini Liberia. Kwa miaka zaidi ya thelathini, makala ile ilikuwa ni chapisho la kigeni lenye wasomaji wachache.

"Jambo likiwa muhimu, litachapishwa kwa Kiingereza." Wanaosema hivi wanywe kwanza vidonge vya dawa mseto, kisha waulize vilitoka wapi. Utafiti uliozaa artemisinini, dawa iliyomo ndani ya vidonge hivyo, ulianza China tarehe 23 Mei 1967, ukiwa mradi wa siri wa kijeshi wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou na wenzake waliipata dawa hiyo katika mmea mapema miaka ya 1970, baada ya kusoma maandishi ya kale ya tiba ya Kichina. Maelezo ya kwanza kuchapishwa yalitoka mwaka 1977, kwa Kichina. Dunia pana ilianza kuisikia baada ya makala ya Kiingereza ya 1979. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto mwaka 2001, Tanzania ikaanza kuitumia ALu kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, na Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ucheleweshaji huo ulikuwa na sababu nyingi: siri za kijeshi, siasa, gharama za uzalishaji. Lugha ilikuwa mojawapo. Katika miaka hiyo yote watoto wa Afrika walikuwa wakifa kwa malaria iliyokwisha kuzoea klorokwini, na huko Beijing kulikuwa na karatasi zilizoandikwa dawa nyingine.

Mtu asidhani kwamba hayo yamekwisha. Mwaka 2016 Tatsuya Amano na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya maandiko ya kisayansi ya mwaka 2014 kuhusu hifadhi ya viumbe hai. Walikuta maandiko 75,513 katika lugha 16, na asilimia 35.6 hayakuwa kwa Kiingereza. Zaidi ya theluthi moja. Anayesoma Kiingereza tu akidhani amesoma yote ameacha theluthi nzima ya kazi ya wenzake.

Wamarekani wenyewe walilipata somo hili kwa aibu. Katikati ya 1957 jarida la Moscow liitwalo Radio lilichapisha masafa ambayo setilaiti ya Kisovieti ingetumia kurusha mawimbi yake. Halikuwa jambo la siri. Wapenzi wa redio walikuwa wakiandaliwa wazi waisikilize. Hata hivyo Sputnik iliporuka tarehe 4 Oktoba mwaka huo, Marekani nzima ilishtuka. Mshtuko huo ndio uliozaa sheria ambayo Rais Eisenhower aliitia saini tarehe 2 Septemba 1958, na sehemu ya sita ya sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha ufadhili wa lugha na masomo ya nchi za nje. Yaani fungu lililokatwa mwaka 2011, na kukatwa tena 2025, lilianzishwa kwa sababu watu hawakuwa wamesoma kilichochapishwa hadharani na wengine.

"Kama ina faida, makampuni yataifanya." Makampuni huorodhesha kinachouzika. Hakuna kampuni itakayopata faida kwa kuifanyia faharasa Mulika, jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na pale kampuni inapoingia, tazama kinachotokea. Taarifa za kila siku za idara ya Marekani iliyosikiliza redio za dunia, kuanzia 1941 hadi 1996, zilitengenezwa kwa kodi ya Wamarekani. Leo kampuni ya Readex inauza kwa taasisi haki ya kuzitafuta kwa kompyuta. Siwalaumu kwa kufanya biashara. Kazi ya kuzigeuza kuwa za kidijitali ina gharama. Lakini ndani ya taarifa hizo zimo hotuba za viongozi wetu na matangazo ya redio zetu, na chuo kikuu cha kwetu kisicho na fedha za kununua haki hiyo hakiwezi kuzisoma.

"Faharasa hizo zilikuwa za majasusi, acha zife." Hoja hii haitoki kwa wabana bajeti wa Washington. Inatoka kwa wenzetu, watu wa mrengo ninaouheshimu, na ndiyo maana nataka kukaa nayo kidogo.

Ni kweli kwamba idara iliyotajwa hapo juu, iliyoanzishwa Februari 1941 kusikiliza redio za maadui, iliwekwa chini ya Shirika la Ujasusi la Marekani baada ya vita na ikabaki huko. Ni kweli kwamba tafsiri nyingi za magazeti ya nchi za nje zilifanywa kwa mahitaji ya kijasusi. Ni kweli pia kwamba dola kubwa haifungui ofisi ya vitabu Nairobi kwa sababu inaipenda Nairobi. Ofisi za New Delhi na Cairo zilianza kwa fedha za mauzo ya ngano chini ya sheria ya 1954 ya kuuza mazao ya ziada, na mambo ya ngano na siasa ya vita baridi hayatengani.

Lakini angalia ni nini hasa kilichokufa kanzidata ile ya tafsiri ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2013. Wachambuzi wa serikali hawakuacha kusoma magazeti yetu siku ile. Waliendelea, na wanaendelea. Waliozimiwa ni mwanafunzi, mwandishi wa habari, mtafiti na raia wa kawaida wa Marekani, pamoja na Mwafrika yeyote aliyekuwa na njia ya kuifikia kanzidata ile. Kabla ya hapo jasusi na mwanafunzi walisoma tafsiri ileile ya hotuba ileile. Baada ya hapo jasusi amebaki peke yake. Mtu anayechukia ujasusi akishangilia fungu la umma likikatwa, anashangilia maarifa kuhusu nchi yake yakifungiwa ndani ya jengo ambalo yeye haruhusiwi kuingia. Mimi napenda Mmarekani wa kawaida ajue Watanzania na Wakenya waliandika nini katika magazeti yao wenyewe kabla serikali yake haijamweleza.

Uingereza nayo ilipitia njia hiyo. Idara ya BBC ya kufuatilia vyombo vya habari vya dunia, iliyoanza 1939, iliondolewa kwenye bajeti ya serikali kuu mwaka 2013 na mzigo wake ukahamishiwa ada ya televisheni. Ilipotangaza kupunguza wafanyakazi, kamati ya ulinzi ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti Desemba 2016 ambayo kichwa chake chenyewe kiliutaja mpango huo kuwa ni upumbavu. Upunguzaji uliendelea, na makao yao ya Caversham Park yakafungwa mwaka 2018.

"Kila nchi iorodheshe machapisho yake." Kwa msingi, nakubali, na nitalirudia mwishoni. Tanzania ina bodi ya huduma za maktaba iliyoanzishwa kwa sheria ya 1963, ina maktaba kuu ya taifa iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na tangu 1969 ilianza kutoa orodha ya vitabu vilivyochapishwa nchini. Kenya na Uganda zina sheria zao za kuwataka wachapaji wawasilishe nakala. Hayo yote ni mazuri na hayatoshi.

Hayatoshi, kwanza, kwa sababu kuna machapisho ambayo serikali haiyataki. Novemba 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutoa jarida la Cheche. Lilikuwa la kudurufu, lenye fikra kali. Lilidumu mwaka mmoja. Novemba 1970 likaamriwa likome, kwa maelezo kwamba jina lake liliigwa Urusi na lingefanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Leo hakuna anayeandika historia ya fikra za chuo kile bila kulitaja Cheche na jarida la Maji Maji lililolifuata. Hatuwezi kuitegemea dola iliyolipiga marufuku jarida kuwa ndiyo mlinzi pekee wa kumbukumbu za jarida hilo. Hili halisemwi kuidharau Tanzania. Ni kweli kwa kila dola, Marekani ikiwemo, na ndiyo sababu ni vizuri kumbukumbu ya nchi yoyote ikawa na nakala nyingine nje ya mipaka yake.

Pili, orodha ya taifa huishia mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi 1983. Shirika la pamoja la uchapishaji wa vitabu, lililokuwa likihudumia nchi zote tatu tangu 1948, lilisambaratika. Vitabu vya Nairobi vikawa vigumu kupatikana Arusha, na vya Dar es Salaam vikawa vigumu kupatikana Mombasa, watu wa lugha moja wakawa hawajui wenzao wameandika nini. Katika miaka hiyohiyo, orodha iliyotolewa na ofisi ya Nairobi ya maktaba ya Wamarekani iliendelea kuziweka Kenya, Uganda na Tanzania ndani ya jalada moja. Naona uchungu kulisema, lakini ni kweli: katika kipindi hicho, mahali ambapo uandishi wa Afrika Mashariki ulibaki mzima ulikuwa katika orodha ya taifa jingine.

"Akili mnemba itatafsiri na kuorodhesha yote." Itasaidia, na wakutubi wengi tayari wanaitumia kwa kazi za awali. Lakini mashine haiwezi kutafsiri gazeti ambalo hakuna aliyelinunua, kulipiga picha na kulitunza. Zaidi ya hayo, mashine hizi zinajulikana kwa kubuni vichwa vya makala na majina ya vitabu visivyokuwapo, na kuvitaja kwa uhakika kabisa. Njia ya kuthibitisha kwamba kitabu fulani kipo ni kwenda kwenye orodha iliyotengenezwa na mtu aliyekishika mkononi. Kadiri mashine zinavyozidi kuandika, ndivyo tunavyozidi kuhitaji orodha hizo.

"Hali ya fedha ni ngumu, lazima tubane." Dola milioni 50 zilizokatwa mwaka 2011 zilitoka katika matumizi ya serikali kuu ya Marekani ya takriban dola trilioni 3.6 mwaka huo. Ni kama senti moja na nusu katika kila dola elfu. Hakuna nakisi iliyozibwa.

"Tutarudisha hali ikitengemaa." Hii ndiyo inayosemwa kwa upole zaidi, na ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu inaifanya hasara ionekane ni ya muda. Faharasa haina kitufe cha kusimamisha na kuendeleza. Jarida la nakala mia tano lililotoka mwaka ambao hakuna aliyelinunua haliko dukani mwaka unaofuata. Gazeti la wilaya hufungiwa samaki na maandazi ndani ya wiki. Mkutubi anayesoma Kiswahili, Kiluganda na Kiamhari akipunguzwa kazini, hatakuwa amekaa nyumbani akisubiri kuitwa. Atakuwa amepata kazi nyingine, na ujuzi wake juu ya nani anachapisha nini, katika mtaa gani, kwa bei gani, ataondoka nao.

Turudi kwenye Ulaya Mashariki. Faharasa ilizimwa mwishoni mwa 1961. Miaka iliyofuata ndiyo miaka ambayo majarida ya Czechoslovakia yalianza kulegeza hofu, waandishi wakaanza kusema, mpaka tarehe 27 Juni 1968 gazeti la waandishi la Literární listy likatoa tamko la Ludvík Vaculík lililotikisa nchi. Mwezi Agosti vifaru vikaingia Prague. Mtu aliyetaka kuelewa, katika miaka hiyo, jinsi jambo lile lilivyoiva makala kwa makala, hakuwa tena na faharasa ile ya kumwongoza. Iliachwa wakati ambapo magazeti ya huko yalikuwa yanakaribia kusema mambo makubwa kuliko yaliyowahi kusema kwa miaka ishirini.

Kuna pia wanaosema kwamba mkusanyo ukikataliwa na serikali moja utachukuliwa na taasisi nyingine. Mara nyingine hutokea. Uholanzi ilipokata ruzuku ya Taasisi ya Kifalme ya Nchi za Joto mjini Amsterdam, maktaba yake ikafungwa mwaka 2013. Vitabu vya historia ya ukoloni vilikwenda Leiden, na vingine takriban 400,000 vikapelekwa Maktaba ya Alexandria, Misri. Ni bahati njema, na Wamisri wanastahili shukrani. Lakini vitabu vilihama bila wale waliokuwa wakiviongezea na kuvifanyia faharasa siku hadi siku, kwa hiyo mkusanyo uliokuwa unakua ukawa umesimama pale ulipofikia.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa Wamarekani wanaosoma Kiswahili, na wako wengi waliokisoma kwa ruzuku hizohizo, waandikieni wabunge wenu muwaeleze mliyoyapata kwa fungu hilo, kwa majina ya vitabu na makala. Na kwetu sisi: mwandishi, mchapaji, mhariri wa jarida la chuo, pelekeni nakala zenu maktaba ya taifa bila kusubiri barua ya kukumbushwa. Wabunge wa Dodoma, Nairobi na Kampala, na wa Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha, bajeti ijayo ikiletwa mezani, ulizeni swali hili: ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili ya kuorodhesha makala za magazeti na majarida yetu, na ni wakutubi wangapi wameajiriwa kuifanya kazi hiyo? Jibu lisipokuwa na tarakimu, msiipitishe bajeti ya maktaba mpaka liwe nayo.